Kufungwa makusudi NBA: maswali mnayoniuliza kila ikifika Machi

Kila Machi mambo ni yale yale. Kijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata shemeji yangu ambaye kikapu anakijua kwa jina tu: "Hivi ni kweli Marekani kuna timu zinafungwa kwa kutaka?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka yote hapa. Mjue tu tangu mwanzo kwamba mimi ni shabiki wa Memphis Grizzlies, na mtaona hapo chini kwa nini hilo si jambo la kujivunia.

Drafti ndiyo nini, na kufungwa kunaingiaje?

Si ile drafti ya vizibo vya soda. Hii ni siku ya kugawana chipukizi. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, timu 30 za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, raundi mbili. Waliofanya vibaya msimuni ndio wanaotangulia kuchagua. Nia ni njema, kwamba vibonde wa leo wapate nguvu ya kesho. Lakini ukishamwahidi mtu zawadi kwa kushika mkia, usishangae akiung'ang'ania.

Halafu kuna suala la pesa. Kijana aliyechaguliwa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa na ligi, na timu inaweza kukaa naye hadi miaka minne kwa bei hiyo. Akitokea kuwa nyota, umepata nyota kwa bei ya mchezaji wa kawaida. Timu za miji mikubwa kama Los Angeles zinaweza kumshawishi nyota aliyekwisha komaa ahamie kwao. Timu ya Oklahoma City au Salt Lake City itamshawishi kwa kipi? Kwa wao drafti ndiyo mlango mkuu.

Na kikapu kina wachezaji watano tu uwanjani. Mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu anacheza dakika 36 au 38 kati ya 48, anagusa mpira karibu kila shambulizi, anakaba upande wa pili. Kwenye soka hata mshambuliaji bora duniani anaweza kupotea dakika 30 bila kuguswa na mpira. Ndiyo maana tamaa ya kumpata "yule mmoja" ni kubwa hivi kwenye mchezo huu.

Kwa hiyo wachezaji wanakosa makusudi?

Hapana. Mchezaji wa timu ya mkiani ndiye mwenye njaa kuliko wote, maana anatafuta mkataba ujao. Kocha naye akifungwa sana anafukuzwa. Wanaofungwa ni watu wa ofisini, wenye suti.

Wanafanyaje? Mwezi wa pili, kabla dirisha la kubadilishana halijafungwa, wanawauza wazoefu. Waliobaki wanaanza "kuumwa": mgongo, kifundo cha mguu, "kupumzishwa". Vijana wanaojifunza wanapewa dakika zote. Na ikitokea timu inaongoza kwa pointi tisa robo ya nne, mwenye mikono mizuri siku hiyo anaitwa benchi na harudi. Waliobaki uwanjani wanapigana kufa na kupona. Hawana uwezo tu.

Si ndiyo kuuza mechi huko?

Wengi wanavichanganya, na vinatofautiana. Anayeuza mechi analipwa na mtu wa nje ili matokeo yaende anavyotaka yule, na hiyo ni jinai. Huku hakuna anayelipwa. Timu inajidhoofisha mchana kweupe, kila mtu anaona, na hakuna mchezaji aliyeambiwa arushe nje. Kimaadili mnaweza kubishana hadi asubuhi. Mimi naona inaudhi hasa kwa aliyelipa tiketi na kumpeleka mtoto akamwone nyota, kisha nyota amekaa na suruali ya jinzi pembeni ya benchi.

Ilianza lini?

Kesi inayotajwa sana ni Houston Rockets, msimu wa 1983–84. Wakati huo timu ya mwisho ya kila kanda iliingia kwenye kurusha sarafu, na anayeshinda anachagua wa kwanza. Mwaka uliotangulia Houston walikuwa wameshampata Ralph Sampson kwa njia hiyo. Sasa palikuwa na kijana wa Kinigeria pale pale mjini kwao, Chuo Kikuu cha Houston: Hakeem Olajuwon. Houston wakamaliza kwa ushindi 29 na vipigo 53. Mwishoni mwa msimu, kwenye mechi iliyoingia muda wa nyongeza, wakamchezesha Elvin Hayes dakika zote 53. Hayes alikuwa na miaka 38, anaelekea kustaafu. Waliotazama walielewa.

Sarafu ikaangukia upande wao. Portland, waliochagua wa pili, wakamchukua Sam Bowie, na Chicago wa tatu wakamchukua Michael Jordan. Ligi ikaona aibu, na kuanzia 1985 ikaleta bahati nasibu. Houston walikuja kutwaa ubingwa 1994 na 1995 na Olajuwon huyo huyo, kwa hiyo kama kuna mtu anataka mfano wa kufungwa kulikolipa, wa kwanza ni huu. Miaka kumi ya kusubiri, lakini kulilipa.

Bahati nasibu inachezwaje?

Mipira 14 yenye namba inazungushwa kwenye mashine, inatolewa minne. Mipangilio inayowezekana ni 1,001. Mmoja unawekwa kando, 1,000 inagawiwa timu 14 zilizokosa mchujo, yaani hatua ya mtoano inayotoa bingwa. Zamani timu ya mwisho kabisa ilipewa 250, yaani 25% ya kupata chaguo la kwanza. Tangu 2019 timu tatu za mwisho zinalingana, kila moja 14%. Nafasi nne za juu ndizo zinazochezewa, zinazofuata zinapangwa kwa rekodi. Timu ya mwisho haiwezi kushuka chini ya nafasi ya tano, ila uwezekano wa kuangukia hiyo ya tano ni 47.9%. Karibu nusu kwa nusu!

Kabla ya mabadiliko, 2015 hadi 2018, chaguo la kwanza lilitoka kwa rekodi mbovu kuliko zote miaka minne mfululizo. Baada ya mabadiliko, 2019 hadi 2025, droo saba zimechezwa na timu ya mkiani haijapata chaguo la kwanza hata mara moja. Detroit walishika mkia 2023, wakaangukia nafasi ya tano. Wakashika tena 2024 kwa vipigo 68, vikiwemo 28 mfululizo, wakaangukia tena ya tano. Utah 2025, vipigo 65, ya tano.

Kabla hujaniletea habari za njama: ukiwa na 14% kila mwaka, uwezekano wa kukosa miaka saba mfululizo ni kama 35%. Si muujiza. Ndivyo kanuni ilivyopangwa.

Sawa, inalipa au hailipi?

Jibu langu, ambalo limenigombanisha na watu wengi: kufungwa kunakununulia tiketi, hakukununulii mchezaji. Na hata tiketi ikishinda, bado una kazi ya kuchagua mtu sahihi, kumlea, na kumzungushia wenzake.

Tazama chaguo la kwanza la kila mwaka tangu bahati nasibu ianze 1985. Hadi ubingwa wa 2025, walioshinda taji wakiwa na timu iliyowachagua ni wanne tu: David Robinson na Tim Duncan wa San Antonio, LeBron James na Kyrie Irving wa Cleveland. Na LeBron alishinda Cleveland 2016, baada ya kuondoka, kwenda Miami miaka minne, na kurudi. Watu wanne kwa miaka arobaini.

Mwaka 1997 ndio unaoonyesha vizuri zaidi. Boston walikuwa wabovu kupita kiasi, ushindi 15, vipigo 67, na walikuwa na machaguo mawili (zamu ya kuchagua huuzwa na kubadilishwa kati ya timu, kama wachezaji) yaliyowapa jumla ya 36% ya kumpata Duncan. San Antonio walikuwa timu nzuri iliyoharibikiwa na majeruhi, maana Robinson alicheza mechi sita tu. Duncan akaenda San Antonio, akashinda mataji matano. Boston wakaambulia nafasi ya tatu na ya sita.

Au kinyume chake, 2018. Phoenix walishika mkia na bahati ikawaangukia, wakachagua wa kwanza. Wakamchukua Deandre Ayton. Luka Dončić akaenda wa tatu, akaishia Dallas. Tiketi ilishinda, macho yakakosea.

Na bado Stephen Curry alichaguliwa wa saba, Giannis Antetokounmpo wa 15, Nikola Jokić wa 41. Kwa Giannis na Jokić hakuna aliyehitaji kufungwa.

Philadelphia je? Wao si walifanya kwa mpango kabisa?

Walifanya, na hawakujificha. Sam Hinkie aliingia ofisini kama meneja mkuu 2013, na usiku wa drafti akamuuza Jrue Holiday, nyota wao, ili ampate Nerlens Noel, kijana aliyekuwa na goti lililochanika na ambaye hakucheza msimu mzima. Kwa misimu mitatu walishinda 19, kisha 18, kisha 10. Mechi 246, ushindi 47. Mashabiki waliiita ile kazi "Mchakato" na wakawa wanaiimba uwanjani, jambo ambalo sijawahi kuona kwa timu inayofungwa.

Walipata nini? Joel Embiid wa Kameruni, chaguo la tatu 2014, aliyekaa misimu miwili bila kucheza kwa sababu ya mguu. Jahlil Okafor, wa tatu 2015, hakudumu (Devin Booker alikuwepo bado, alienda wa 13). Ben Simmons, wa kwanza 2016. Kisha 2017, Hinkie ameshaondoka, wakawapa Boston chaguo la tatu pamoja na lingine la baadaye ili wapande kumchukua Markelle Fultz. Boston wakashuka hadi la tatu, wakamchukua Jayson Tatum.

Embiid akatwaa tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu, 2023. Timu yenyewe, hadi 2025, haijavuka raundi ya pili ya mchujo. Mwaka 2019 ilikaribia, mechi ya saba dhidi ya Toronto, mpaka mpira wa Kawhi Leonard ulipodunda mara nne juu ya ringi na kuingia. Kuna watu wanasema mdundo mmoja tofauti na Mchakato ungekuwa umeshinda. Huenda. Lakini mpango wa miaka mitatu ya aibu unaotegemea mdundo mmoja, mimi siuiti mpango.

Na Oklahoma City mabingwa wa 2025? Wao si walifungwa wakapata?

Hapa ndipo wapenzi wa kufungwa wanaponikabia, na wana hoja. Oklahoma City walishinda 22 kati ya 72, msimu uliofuata 24 kati ya 82. Desemba 2, 2021 walipigwa na Memphis yangu 152–79, tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Miaka mitatu na nusu baadaye wakawa mabingwa.

Lakini wahesabu mmoja mmoja. Shai Gilgeous-Alexander, MVP wa 2025, hawakumpata kwa kufungwa. Walimpata 2019 kwa kumuuza nyota wao Paul George kwa Clippers ya Los Angeles. Jalen Williams alitoka kwenye chaguo la 12, nalo lilikuwa la Clippers katika biashara hiyo hiyo. Lu Dort hakuchaguliwa na mtu yeyote kwenye drafti. Isaiah Hartenstein alisajiliwa akiwa huru. Tunda halisi la kufungwa ni Chet Holmgren, wa pili 2022, na Josh Giddey, wa sita 2021, waliyembadilisha na Alex Caruso. Ni vipande muhimu, sikatai. Ila ukiiondoa biashara ya Paul George, hakuna ubingwa. Kilichowapa taji ni ofisi yenye akili, na ofisi hiyo ilifungwa misimu miwili tu, ikaacha. Wenye ofisi mbovu wanafungwa miaka kumi.

Memphis ilikujaje kwa mtu wa Dar?

Hasheem Thabeet. Juni 2009, kijana wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, akaitwa jukwaani, chaguo la pili la drafti ya NBA, Memphis Grizzlies. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Mtaani kwetu watu wasiojua ringi ina urefu gani walikuwa wanajua Memphis iko jimbo gani. Nikawa shabiki siku hiyo na sijaweza kutoka.

Sisemi Memphis walifungwa makusudi kumpata. Walikuwa wabovu kwa dhati, ushindi 24. Ila ndiyo picha ya chaguo la juu lilivyo: nyuma yake wa tatu alikuwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Thabeet alianza kikapu amechelewa, akiwa kijana wa miaka kama 15, na alihitaji muda ambao mtu aliyechaguliwa wa pili hapewi. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, akashushwa ligi ndogo ya kukuzia vipaji. Mwaka mmoja baadaye akauzwa Houston. Watu wa nyumbani walimlaumu yeye. Mimi nalaumu namba. Angechaguliwa wa 25 angeitwa mradi mzuri wa kulea.

Memphis na bahati nasibu ni hadithi ya kusikitisha tangu kabla yangu. Mwaka 2003 chaguo lao lilikuwa limeshaahidiwa Detroit, isipokuwa likiwa la kwanza. Droo ikabaki timu mbili, wao na Cleveland. Wa kwanza anampata LeBron James, na wao wakiwa wa pili hawapati chochote. Wakawa wa pili. Mwaka 2007 walikuwa na rekodi mbovu kuliko zote, Kevin Durant yupo, wakaangukia nafasi ya nne. Walimpata Mike Conley, ambaye namheshimu sana, lakini si Durant.

Na timu bora tuliyowahi kuipenda, ile ya Conley, Zach Randolph, Tony Allen na Marc Gasol, nguzo yake Gasol alikuwa chaguo la 48, haki yake ikatoka Lakers kwa biashara. Ja Morant naye, wa pili 2019, alikuja mwaka ambao tulishinda 33, hatukuwa hata karibu na mkia.

Inawezekana kufaidi kufungwa kwa mwingine?

Hiyo ndiyo njia tamu kuliko zote. Mwaka 2013 Brooklyn walitaka Kevin Garnett na Paul Pierce, wazee tayari, wakawapa Boston machaguo yao ya miaka ijayo. Wazee wakazeeka zaidi. Brooklyn wakawa vibonde, na kila kipigo chao kikawa faida ya Boston. Msimu wa 2016–17 Boston walishinda mechi 53, wakaongoza kanda ya Mashariki, na bado wakapata chaguo la kwanza! Jaylen Brown na Tatum wote wana asili ya machaguo hayo, na 2024 wakawa mabingwa.

NBA haiadhibu?

Inatoza faini. Mark Cuban, aliyekuwa mmiliki wa Dallas, alitozwa dola 600,000 mwaka 2018 kwa kusema hadharani kwamba amewaambia wachezaji kufungwa ndiko bora kwao. Utah walitozwa 100,000 Machi 2025 kwa kumpumzisha Lauri Markkanen, ikiwemo mechi na Washington, timu mbili za mkiani zikikimbizana kurudi nyuma. Zikamaliza na vipigo 65 na 64, droo ikawapa nafasi ya tano na ya sita.

Ila faini kwa tajiri ni bei tu. Kawaulize tena Dallas. Aprili 2023 chaguo lao lilikuwa liende New York kama lisingebaki ndani ya kumi bora. Wakawaketisha kina Kyrie Irving, Luka akacheza robo ya kwanza na kidogo tu, wakafungwa na Chicago wakati bado walikuwa na matumaini ya kimahesabu ya kuingia mchujo. Faini dola 750,000. Chaguo likabaki, la kumi, wakalibadilisha na Oklahoma City wakampata Dereck Lively, na msimu uliofuata wakawa fainali. Kwa mizani ya NBA, hiyo ni bei ya jioni moja sokoni.

Kwa nini kwenye soka letu hakuna?

Kushuka daraja. Timu ya Ligi Kuu Bara ikifungwa makusudi inakwenda kucheza Championship, wafadhili wanakimbia. NBA haina daraja la chini la kuogopa, na wamiliki waliotoa mabilioni ya dola hawatakubali liwepo.

Dawa ni nini basi?

Ligi ya wanawake, WNBA, hupima rekodi ya misimu miwili kwa pamoja, ili mwaka mmoja wa kujiharibu usitoshe. Kuna aliyependekeza gurudumu, kila timu ijue miaka 30 mbele itachagua wa ngapi, bila kujali matokeo. Halijapita. Mwaka 2014 hata mabadiliko madogo yalikwama, kura 17 kwa 13 wakati zilihitajika 23. Mimi ningechukua ya WNBA kesho asubuhi.

Nabeti. Machi na Aprili nifanyeje?

Soma orodha ya majeruhi dakika za mwisho, au lala. Ule usiku wa Dallas na Chicago nilikuwa macho, saa tisa usiku na ushee, mkeka wangu una Dallas nyumbani. Luka alipokaa benchi robo ya pili nikadhani anakunywa maji. Ulichanika na mimi nikaenda kuchemsha chai.

Ungekuwa bosi wa Memphis ungefungwa?

Mwulize yule wa Aprili 2025. Alfajiri ya Jumamosi ya kuelekea Pasaka, Memphis na Dallas walikutana mechi moja: mshindi anaingia mchujo, anayefungwa anakwenda bahati nasibu. Dallas hawakufanya utani, Anthony Davis alifunga 40. Memphis wakashinda 120–106, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Zawadi yetu ilikuwa Oklahoma City. Mechi ya kwanza wakatufunga kwa tofauti ya pointi 51, wakatutoa 4–0. Dallas wakaenda kwenye droo na 1.8%, wakapata chaguo la kwanza, wakamchukua Cooper Flagg.